MREJESHO: Daftari la nukta nundu kwa Raspberry Pi Zero 2 W

Wakuu, asanteni kwa michango. Swali lilikuwa namna ya kuunganisha Pi Zero 2 W (kompyuta ndogo ya bodi moja) na kionyeshi cha nukta nundu cha seli 14 (herufi 14 kwa mara moja) kiwe daftari la kubeba, bila skrini. Limekubali, kwa sehemu kubwa.

Aliyeshauri Raspberry Pi OS Lite (mfumo endeshi usio na madirisha) alikuwa sahihi: RAM ni MB 512 tu, na BRLTTY (programu inayopeleka maandishi kwenye kionyeshi) inasoma konsoli, yaani skrini ya maandishi matupu, moja kwa moja, madirisha ya nini? Kwenye /etc/brltty.conf nimeweka "braille-driver auto" na "braille-device usb:". Waya wa OTG (wa kuunganisha kionyeshi na Pi) uingie tundu la USB. Lile la PWR ni la umeme pekee. Mashine ikiwaka inaingia yenyewe na kufungua nano (programu ya kuandikia).

Saa ya DS3231 nayo inashika majira (mstari wa mipangilio ya Pi: dtoverlay=i2c-rtc,ds3231). Angalieni hapa: inatumia GPIO3, pini ileile ambayo gpio-shutdown (mpangilio wa kitufe cha kuzimia) huichukua usipoitajia nyingine. Kitufe kikahamia GPIO17: dtoverlay=gpio-shutdown,gpio_pin=17. Kinazima vizuri ila hakiwashi, kwa hiyo kuwasha ni kuchomoa umeme na kuchomeka tena.

Kilichogoma ni bluetooth, hukatika kila kionyeshi kinapolala. Nimebaki na waya. Pawabenki nayo ilisumbua: Pi ikitulia huvuta umeme kidogo mno, pawabenki ikadhani hakuna kitu na kujizima, maandishi ambayo hayajahifadhiwa yakapotea. Chukueni yenye hali ya kuchaji vifaa vidogo kama saa za mkononi.