Wiki ya darasa: nitajuaje nani amefanya kazi, na habari amezitoa wapi?

Mwalimu wa Historia (swali)
Walimu wenzangu, nimewapa wanafunzi wangu wa sekondari kazi ya kuandika makala ya pamoja katika wiki ya darasa, yaani tovuti ambayo wote wanaweza kuihariri, kuhusu mashine ya mvuke. Katika kila kikundi wawili au watatu ndio wanaoandika na wengine wanatazama, ilhali alama wanagawana sawa. Linalonisumbua zaidi ni kwamba wakitafuta habari mtandaoni huchukua jibu lililo juu kabisa, ambalo siku hizi mara nyingi ni muhtasari uliotungwa na akili bandia, na hawafungui kiungo hata kimoja. Vikundi viwili vimeandika kwamba James Watt ndiye aliyevumbua mashine hiyo, ingawa mashine ya Thomas Newcomen ilikuwa ikivuta maji migodini tangu 1712, naye Watt aliiboresha tu, akapata hataza yake, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, mwaka 1769. Ninyi mnafanyaje?

Mwalimu wa Sayansi
Mwenzangu, fungua historia ya ukurasa. Wiki nyingi huhifadhi kila toleo pamoja na jina la aliyehariri, kwa hiyo unaweza kulinganisha matoleo mawili na kuona sentensi iliingia lini na kwa mkono wa nani. Mimi hutoa alama kwa historia hiyo pamoja na makala yenyewe. Nakuomba, hata hivyo, usihesabu idadi ya mabadiliko, kwa sababu anayesahihisha mkato mara ishirini ataonekana hodari kuliko aliyetafakari saa nzima kisha akaipanga upya aya iliyokuwa imepotoka. Anayefuta maneno ya mwenzake na aeleze sababu katika ukurasa wa majadiliano. Humo ndimo ninamoona wanavyofikiri.

Mkutubi wa Shule
Kuhusu utafutaji, wanafunzi wanahitaji kuelewa kwamba kuwa juu si ushahidi wa ukweli. Njia ambayo Larry Page na Sergey Brin, waanzilishi wa Google, waliieleza mwaka 1998 ilipima uzito wa ukurasa kwa viungo vinavyouelekea, na ingawa mitambo ya utafutaji ya leo hutumia vigezo vingine vingi, kosa linalorudiwa na wengi, kama hilo la Watt, bado hupanda juu kwa urahisi. Wafundishe kufunga maneno kwa alama za kunukuu ili yatafutwe jinsi yalivyo, na kuweka alama ya kutoa mbele ya neno wasilolitaka. Wakiona dai, watoke kwenye ukurasa huo waone kurasa nyingine zinasemaje kulihusu. Wikipedia sikatazi, ila huwataka washuke hadi kwenye tanbihi na kufungua chanzo chenyewe. Tena kila mmoja huniandikia maneno aliyoanza kutafutia na aliyoyabadilisha baadaye.

Mwalimu wa Lugha
Historia ya ukurasa inaweza kumdhulumu mtoto pale ambapo wanne wanatumia kompyuta moja, kwa kuwa inaonyesha aliyechapa, haimwonyeshi aliyetoa wazo. Kwangu, anayehifadhi badiliko huandika katika maelezo yake mafupi majina ya wote waliochangia.

Mwalimu wa Historia
Nawashukuru sana. Sentensi ya Watt sitaisahihisha mimi. Kesho nitawaambia tu kwamba ukurasa una kosa moja la tarehe na sifa, na atakayelipata ataweka chanzo chake kwenye majadiliano kabla ya kugusa neno lolote.