Naomba ushauri: tasnifu yangu kuhusu jalada la Queen II na video ya Bohemian Rhapsody imekwama

Kijana wa Vuga ameandika:

Wakuu, heshima zenu. Ninaandika tasnifu ya shahada ya kwanza katika sanaa za ufundi, na nimekwama kwenye sura ya tatu, inayochambua mtindo wa picha wa bendi ya roki ya Uingereza, Queen, kuanzia jalada la albamu ya Queen II, iliyotoka Machi 1974, hadi video ya wimbo wa Bohemian Rhapsody iliyorekodiwa Novemba 1975. Nimeeleza giza la nyuma, nyuso nne zinazoelea, na mwimbaji wao Freddie Mercury alivyopewa mahali pa juu kuliko wenzake, lakini msimamizi wangu ameurudisha mswada na kuandika pembeni kwamba haya ni maelezo, si uchambuzi. Naomba mnielekeze maelezo huishia wapi na uchambuzi huanzia wapi. Muda ulionibakia ni mdogo na usingizi sina.

Fundi Kamera amejibu:

Mdogo wangu, anza kwa kuuliza picha imefanywaje, kisha uulize kwa nini ikafanywa hivyo. Kwenye jalada lile, ambalo picha yake ilipigwa na mpiga picha Mick Rock, mwanga unashuka kutoka juu, kwa hiyo mashimo ya macho yamejaa kivuli na mifupa ya mashavu imechomoza. Nguo nyeusi zimemezwa na weusi wa nyuma, na kilichosalia ni nyuso pamoja na mikono ya Mercury iliyopishana kifuani. Rock hakuficha kwamba wazo hilo alilipata kwenye picha ya Marlene Dietrich ya wakati wa filamu ya Shanghai Express ya mwaka 1932. Swali la kuchambua tayari unalo: bendi ya wanaume ambayo bado haijawa na jina kubwa inatafuta nini katika mwanga ambao Hollywood iliutengeneza kwa ajili ya mwigizaji wa kike?

Ukihamia kwenye video, utaona mpangilio uleule wa nyuso ukianza kutembea. Bruce Gowers aliiongoza katika studio za Elstree kwa saa nne hivi, wakirekodi kwa mkanda wa video badala ya filamu. Mahali nyuso zinapozidi kuwa nyingi, ni lenzi yenye pande kadhaa iliyowekwa mbele ya kamera; mahali uso wa Mercury unapojirudia hadi kutokomea, kamera imeelekezwa kwenye skrini inayoonyesha picha ya kamera hiyohiyo. Madoido hayo yalifanyika palepale wakati wa kurekodi, hayakusubiri uhariri. Mtu asiyejua hilo ataandika kwamba picha "inapendeza", na msimamizi atakuwa na haki ya kuurudisha mswada.

Mzee wa Kaseti amejibu:

Umenikumbusha mbali, mwanangu. Miaka ya 1980 nilikuwa na kibanda cha kurekodi kaseti Kariakoo, na wateja wa roki, ingawa walikuwa wachache, walikuwa wagumu kuridhika kwa sababu walitaka na jalada. Mmoja aliniletea santuri hiyohiyo unayoizungumzia. Nililipeleka jalada kwenye mashine ya kutoa nakala, na mashine ikafuta kijivu chote: shavu likatoka jeupe kabisa, jicho likawa shimo jeusi, na mikono ikabaki inaning'inia bila mwili. Nilidhani mteja atanigombeza, lakini alilitambua kabla sijamkabidhi. Majalada ya bendi nyingine yaliyojaa rangi, ukiyapitisha kwenye mashine ile, yalitoka ukungu mtupu. Lipitishe jalada lako kwenye mashine ya nakala uone kitakachobaki, kwa sababu hicho kitakachobaki ndicho unachopaswa kukiandikia.

Mwalimu Mstaafu amejibu:

Mimi sina ugomvi na mwanga wa Hollywood. Ninachojiuliza ni kwa nini vijana wetu wavuke bahari kutafuta roki ilhali Zambia, jirani yetu hapa, ilikuwa na bendi za roki kama WITCH na Amanaz katika miaka ya 1970, nazo zina majalada ambayo wanafunzi wetu hawayagusi. Bendi ya London imeshaandikiwa vitabu vya kujaza rafu. Wewe utaongeza nini?

Bi Msomaji amejibu:

Mwalimu, swali lako ni zuri, ila kijana hakuuliza achague bendi gani. Mimi nina la kumuuliza yeye. Ndugu yangu, sura ya tatu hairudishwi kwa sababu ya maelezo peke yake. Kichwa cha tasnifu ni kipi, na pendekezo lililopitishwa linadai nini?

Kijana wa Vuga amejibu:

Nashukuru sana kwa majibu, hasa ya Fundi Kamera. Kichwa hakina tatizo, kamati ilikwisha kukipitisha. Ninachohitaji ni mbinu ya kuchambua.

Bi Msomaji amejibu:

Mbinu hutegemea dai. Tutajie kichwa.

Kijana wa Vuga amejibu:

Kichwa kinasema: "Milango ya Mji Mkongwe kama Chimbuko la Mtindo wa Picha wa Queen". Hoja yangu ni kwamba giza lile, nembo ya bendi na mpangilio wa nyuso vimetokana na milango ya kuchonga ya Zanzibar na imani ya Wazoroasta ya kuheshimu moto. Kabla hamjanishambulia, kumbukeni kwamba Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946 katika familia ya Kiparsi, yaani Wazoroasta wa India wenye asili ya Uajemi, akasomea usanifu wa michoro katika chuo cha sanaa cha Ealing, na nembo aliichora kwa mkono wake. Mimi nimekulia vichochoro vilevile na najua mlango ule unavyomkalia mtoto kichwani. Isitoshe, nimeshapiga picha za milango na kulipia zichapishwe kwa ukubwa wa ukutani kwa ajili ya siku ya kuwasilisha, kwa hiyo kurudi nyuma hakupo.

Mpita Njia amejibu:

Kama giza la nyuma ni ushahidi wa Zanzibar, basi mgao wa umeme umetengeneza majalada mengi kuliko tunavyojua.

Bi Msomaji amejibu:

Sasa tunazungumza. Tuanze na nembo, kwa kuwa ndiyo aliyoichora mwenyewe. Simba wawili ni nyota za wanabendi John Deacon na Roger Taylor, kaa ni nyota ya mwenzao Brian May, vibinti viwili vyenye mabawa ni nyota ya Mashuke ya Mercury mwenyewe, katikati kuna herufi Q yenye taji, na juu ya vyote ndege wa moto ametandaza mabawa. Wanyama waliosimama pande mbili kushikilia kitu cha katikati ni utaratibu wa nembo za kifalme za Uingereza. Wewe kwenye milango yako una mayungiyungi, minyororo, samaki na misumari ya shaba. Ni kipi kati ya hivyo kimo kwenye nembo? Ndege wa moto ndiye pekee anayeweza kukupa mazungumzo na Uzoroasta, na hata hapo utaandika kwamba "anakumbusha", hutaandika kwamba "ametokana".

Jalada la Queen II ni gumu zaidi kwako, kwa maana mwanga ule aliupanga Mick Rock. Mercury alipelekwa shule ya bweni India angali mtoto mdogo, na familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964. Usipopata maandishi au mahojiano yanayouunganisha mlango na jalada, picha zako zinaweza kuingia kwenye sura ya namna Mji Mkongwe unavyomdai Mercury leo, kwa mfano kupitia makumbusho yaliyofunguliwa Shangani mwaka 2019. Hiyo ni hoja halali, na haihitaji kumtia Mick Rock maneno mdomoni.

Kijana wa Vuga amejibu:

Dada, ushahidi wa macho nao ni ushahidi. Mtu akisimama mbele ya mlango mweusi saa za jioni, misumari ya shaba hung'aa peke yake kama zile nyuso. Hilo haliandikwi kwenye mahojiano.

Mshuku amejibu:

Nimeusoma uzi huu tangu mwanzo na sioni tasnifu hapa. Mtu aliyekaa na jalada lile hawezi kuandika kwamba Mercury yuko "mahali pa juu kuliko wenzake", kwa sababu aliye juu ni Brian May, na Mercury yuko chini yake, mikono kifuani. Kamati gani ilipitisha kichwa chenye neno "chimbuko" bila kuuliza chanzo hata kimoja? Naona mtu anayekusanya maarifa ya bure kwa ajili ya chaneli yake, na mnamhudumia.

Mzee wa Kaseti amejibu:

Mshuku, kamati za kupitisha vichwa vya ajabu zipo, usizitetee usizozijua. Lakini kuhusu Brian May nakuunga mkono. Mwanangu, mjibu.

Kijana wa Vuga amejibu:

Nilimaanisha mahali pa juu kwa hadhi, kwa kuwa ni yeye peke yake ambaye mikono yake inaonekana vile. Na jalada ninalo, la kufunguka, nililoazima kwa mjomba wangu. Ukilifungua, ndani unaikuta bendi imevaa nyeupe kwenye nyeupe, na pande za santuri haziitwi A na B bali Upande Mweupe na Upande Mweusi. Upande Mweusi wote ni nyimbo za Mercury. Mtu wa kubuni angeyatoa wapi haya?

Mshuku amejibu:

Kwenye intaneti, kama wengine wote.

Fundi Kamera amejibu:

Hata kama ameyatoa kwenye intaneti, ametaja jambo ambalo sisi sote tumelipita. Tumelizungumzia giza uzi mzima kana kwamba picha ya ndani haipo, wakati Rock aliwapiga watu walewale kwa namna mbili zinazokabiliana, na bendi ikaigawa santuri kwa kanuni hiyohiyo. Halafu Novemba 1975, albamu ya A Night at the Opera ikatoka na nembo ya rangi juu ya jalada jeupe, huku video ya mwezi huohuo ikirudi kwenye nyeusi. Mwaka uliofuata albamu ya A Day at the Races ikaiweka nembo juu ya nyeusi. Kwa nini nyeupe iliachiwa nembo, na nyuso zikabaki gizani hadi kwenye video? Hilo linaweza kujaza sura ya tatu bila kugusa mlango hata mmoja.

Bi Msomaji amejibu:

Na kichwa kinaweza kurekebishwa kwa barua kwa msimamizi, kabla ya siku ya kuwasilisha. Ondoa "chimbuko". Andika aya ya picha nyeupe leo, uilete hapa tuisome.

Mshuku amejibu:

Ninaisubiri aya hiyo kuliko nyote.

Kijana wa Vuga amejibu:

Nitaiandika usiku huu, na barua nitaifikiria. Lakini picha za milango zimeshalipiwa, kwa hiyo zitakaa kwenye kiambatisho, na ile ya mlango wa misumari mikubwa nitaitundika mlangoni pa ukumbi siku ya kuwasilisha, kamati ipende isipende.