Insha kurasa sita, maoni hakuna hata neno moja. Hivi kozi ya uandishi ndiyo inasahihishwa hivi?

Wakuu, habari za jioni. Nimekaa na hili jambo tangu Jumatatu na limeshindwa kushuka, acha niliseme.

Niko mwaka wa kwanza, chuo sikitaji. Kama vyuo vingi hapa Tanzania, tuna Stadi za Mawasiliano, kozi ya lazima, watu wa programu zote ukumbi mmoja, waliochelewa wanakaa kwenye ngazi. Humo ndimo tunatakiwa tufundishwe kuandika kitaaluma kwa Kiingereza. Tukapewa insha ya kurasa sita yenye alama 15 kati ya zile 40 za CW, yaani kazi za semista kabla ya mtihani. Nilipiga msuli wiki mbili. Kuchapa nimechapa stesheneri kwa hela ya chakula, maana bumu, hela ya mkopo wa chuo, lilikuwa halijatoka.

Imerudi na 6. Ukurasa wa kwanza kuna neno moja limepigiwa mstari mwekundu, pembeni alama ya kuuliza. Kuanzia ukurasa wa pili hadi wa sita karatasi ni nyeupe vilevile kama ilivyotoka kwenye printa. Lile neno nimelitafuta kwenye kamusi, liko sawa. Hadi leo sijui linaulizwa nini.

Nikamfuata TA, mwalimu msaidizi aliyeisahihisha, ofisini. Nikamwambia, "Shikamoo mwalimu, sijaja kudai alama, naomba tu unionyeshe nilipokosea." Akanijibu, "Binti, wenzako wamepata, kawaulize wao." Basi. Akaita anayefuata.

Nikamuuliza mwenzangu wa chumbani, ambaye yuko semina ya TA mwingine. Swali tulilijadili pamoja kwenye kimbwete, zile meza za nje za kusomea, hoja zetu zinafanana, yeye hata orodha ya marejeo hakuweka. Ana 12. Sina kinyongo naye, ni dada yangu kabisa. Lakini orodha hiyohiyo ya marejeo, mtu wa semina yangu aliisahau akapewa 4! Mwongozo wa kusahihisha hatujawahi kuuona, na nikiangalia hizi alama naamini hata hao wasahihishaji wawili hawajawahi kukaa meza moja wakakubaliana.

Aliyenisaidia ni kaka mmoja wa mwaka wa tatu. Aliisoma insha yangu, hakumaliza dakika kumi, akaniambia, "Umeandika insha ya sekondari." Na ni kweli! Sisi Historia tumefundishwa utangulizi, hoja sita, hitimisho. Kila aya hoja moja, mfano mmoja, unaruka nyingine. Ukizifikisha sita umepona. Akanionyesha kwamba chuo wanataka msimamo mmoja uutetee mwanzo hadi mwisho, aya ya tatu ijengwe juu ya ya pili, na anayekupinga umjibu. Akanionyesha sehemu mbili nilizonukuu mwandishi bila kutaja ukurasa. Nililia pale pale. Sikulia kwa sababu ya 6. Nililia kwa sababu kitu chenyewe kinaelezeka kwa dakika kumi, na semista nzima hakuna aliyenieleza.

Mimi nimesoma shule ya msingi ya serikali, miaka saba kwa Kiswahili, kufundishwa masomo yote kwa Kiingereza nimekutana nako kidato cha kwanza. Tuko wengi. Kozi hii imewekwa kwa ajili yetu hasa. Sasa kama tunasahihishwa kana kwamba tunajua tayari, na tusiojua tunapewa namba tukajijue, tunafundishwa lini?

Na msiniambie ni kozi ndogo. Kwetu 70 ni A, pointi 5. Ukipata 69 ni B+, pointi 4. Alama moja tu inakushusha ngazi nzima, na inaingia kwenye GPA, wastani wa pointi utakaotoka nao chuoni. Rufaa ipo, lakini ni ya UE peke yake, yaani mtihani wa mwisho wa semista, tena kwa kulipia. CW aliyoandika TA ndiyo imeandikwa.

Najua TA anabebeshwa mzigo wa skripti usiobebeka, na hilo ni kosa la idara, si lake. Basi idara ipunguze ukubwa wa insha! Kurasa sita ambazo hakuna anayezisoma zina faida gani? Tupeni ukurasa mmoja, usomwe kweli, urudi na mistari miwili ya maoni, tuuandike upya, ndipo mtoe alama. Swali likitoka litoke na mwongozo wake: hoja alama ngapi, lugha ngapi, marejeo ngapi. Na kabla ya kuanza, ma-TA wote wasahihishe skripti tano zilezile walinganishe. Haihitaji bajeti hiyo.

Mlioko vyuo vingine, kwenu insha zinarudi na maoni? Na kuna mtu aliwahi kudai CW yake iangaliwe upya akasikilizwa? Alianzia wapi, kwa CR, mwakilishi wa darasa, au kwa mkuu wa idara?

Insha yangu nimeiandika upya yote, jana usiku nimemaliza. Iko mezani hapa. Sina wa kumpelekea.