Mrejesho: Meli mbili mfululizo na watoto, Miami

Wakuu, nilikuja kuuliza kama familia inaweza kushuka meli ya kitalii ya kampuni ya MSC asubuhi na kupanda ya kampuni ya Royal Caribbean siku hiyohiyo pale bandari ya PortMiami. Inawezekana kabisa. Mabegi tuliyakokota wenyewe badala ya kuyaacha nje ya chumba usiku, tukagongewa uhamiaji, tukachukua teksi, kabla ya saa sita tuko foleni ya pili. Ila kampuni ikibadilika unaanza upya: kadi za chumba, zoezi la usalama, hata intaneti unalipia tena. Kitinda mimba alilia kuacha kitanda chake cha juu, hadi alipoona mabwawa ya kuogelea ya CocoCay, kisiwa cha Royal Caribbean kule Bahamas. Mimi ufukwe wa Ocean Cay, kisiwa cha MSC hukohuko Bahamas, ndio ulionikosha, kelele hakuna. Mlionishauri kulala hoteli kati ya meli hizo mbili, shukrani, haikuhitajika.