Wanafunzi 30 kukusanya vyanzo pamoja: tutumie nini badala ya WhatsApp?

Mkufunzi_Jiografia
Wakuu, vikundi 6, mada ni mikoko ya delta ya Rufiji. Linki zinatupwa kwenye grupu la WhatsApp, baada ya wiki mbili hazipatikani. Nataka kila mtu aweke chanzo, akipe lebo, nami nione nani kaleta nini. Bila kulipia.

Mkutubi
Zotero, programu ya bure ya kukusanya vyanzo. Inachukua mwandishi, mwaka na jarida, si anwani ya ukurasa peke yake. Fungua kundi la faragha kwenye tovuti yao, waalike, kila mmoja aweke kiendelezi cha Zotero (kitufe cha kuhifadhi chanzo) kwenye kivinjari chake.

Wengi hukwama hapa: kiendelezi huhifadhi kwenye folda iliyochaguliwa muda huo ndani ya programu. Ikiwa ni "My Library" (maktaba yake binafsi), chanzo kinabaki kwake peke yake. Akikiburuta baadaye kwenda kwenye kundi inazaliwa nakala ya pili, na ukirekebisha moja nyingine haibadiliki.

Nafasi ya bure ni MB 300, na mafaili ya kundi yanakula mgao wa mwenye kundi, yaani wewe. PDF 150 za MB 2 na umejaa. Zima uhifadhi wa mafaili kwenye mipangilio ya kundi. Zibaki taarifa na linki.

lebo_kwanza
Naongezea. Ukiwaachia wabuni lebo utapata "mikoko", "Mikoko", "mkoko" na "mangrove": lebo nne, na anayechuja kwa moja hazioni nyingine. Toa orodha ya lebo kama 12 kabla ya siku ya kwanza, zote herufi ndogo: mahali (rufiji, mafia), aina (ripoti, ramani), hali (haijasomwa). Kila mmoja azime pia kwenye programu yake ile kazi ya kuweka lebo yenyewe, la sivyo makala moja ya jarida inakuja na rundo la maneno ya Kiingereza.

Mkufunzi_Jiografia
Na nani kaleta nini? Wengine wana simu tu.

Mkutubi
Kwenye maktaba ya kundi washa safu ya "Added By" (aliyekiweka). Ila usitoe alama kwa idadi, watakumwagia linki ambazo hawajazifungua. Dai maelezo ya sentensi mbili chini ya kila chanzo. Wa simu wafungue tovuti ya Zotero, wabandike DOI (namba ya kutambulisha makala), taarifa zinajijaza.

lebo_kwanza
Na kila mwisho wa mwezi toa nakala ya maktaba nzima. Pocket, huduma ya kuhifadhi linki, ilifungwa Julai 2025, na waliochelewa kuhamisha alamisho zao wanajua.