Jumapili za Ujerumani, mmezizoeaje?

Swali: Hamjambo ndugu zangu? Nimehamia Leipzig kutoka Tanga. Jumapili maduka yote yamefungwa, na jirani wa chini, bibi mpole sana, kaniomba nisiwashe mashine ya kufulia. Kwetu ndiyo siku ya redio na wageni! Nyie mnafanyaje?

Jibu: Karibu, dada. Mapumziko ya Jumapili hapa yamo hadi kwenye katiba. Unga na maziwa nunua Jumamosi. Ukikwama, kajaribu stesheni kubwa ya treni. Hata chupa za jamu usizitupe kwenye kontena la vioo siku hiyo, mlio wake unawakera watu.

Jibu: Tukiwa kwenye chupa: za maji na soda usitupe kabisa! Nyingi za plastiki zina amana ya senti 25, za bia senti 8. Zitumbukize kwenye mashine dukani, chukua risiti, mpe keshia akurudishie hela yako.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Kumbe ndiyo maana watu huacha chupa kando ya pipa, wanaookota wazipate bila kuchakura. Utu huo nimeupenda mno. Je, naruhusiwa kutwanga kisamvu Jumapili?

Jibu: Twanga Jumamosi, dada!