Jezi yenye saini ya mchezaji: fremu ya kioo, ya akriliki, au niiweke tu boksini?

Mvuko_Magogoni
Wakuu salaam. Nina jezi ya Taifa Stars yenye saini ya mmoja wa wachezaji waliokwenda Lagos 1980, Kombe la Mataifa ya Afrika. Saini ilipatikana kwa bahati tu, kwenye foleni ya kivuko. Ninayo pia tiketi ya Taifa Stars na Brazil. Jumamosi napeleka vyote kwa fundi fremu. Naombeni ushauri: kioo, akriliki, au nikunje niweke boksini? Bajeti ni laki moja na ishirini.

Fundi_Ngamiani
Mkuu, mleta uzi umeacha yote yanayohitajika. Jibu haya kwanza:
Jezi ni ya pamba au poliesta? Imesainiwa kwa kalamu gani, bik, maka peni au ile ya rangi ya dhahabu? Saini iko juu ya kitambaa au juu ya namba? Umeshaifua? Ukuta utakaotundika unapigwa na jua saa ngapi? Nyumba iko umbali gani na bahari?
Bila hayo kila mtu hapa atakupa fremu anayoipenda yeye.

Kibao_Nyamagana
Aliyesaini ni nani? Kama ni Peter Tino hiyo si ya kuweka boksini. Goli lake la Ndola 1979 dhidi ya Zambia ndilo lililotupeleka Lagos: Dar tulishinda 1-0, kule ikawa 1-1. Tundika sebuleni kila mgeni aone.

Mvuko_Magogoni
Samahani wakuu. Jezi ni poliesta, ya bluu, ya miaka ya karibuni. Saini ni ya bik, iko kifuani upande wa kushoto, kwenye kitambaa. Haijafuliwa. Niko Kigamboni, kama mita 400 kutoka ufukweni. Ukuta unatazama magharibi. Jina la mzee nitaliweka nikipata ruhusa yake.

Fundi_Ngamiani
Umesema maneno matatu mazito: bik, magharibi, mita 400.
Wino wa bik kwenye poliesta haushiki kama kwenye karatasi. Unakaa juu ya nyuzi, ukisuguliwa unahama. Kwa hiyo usiikunje jezi juu ya saini wala usiipitishe mkono. Ukuta wa magharibi unapigwa na jua la alasiri, jua la chini linaloingia moja kwa moja dirishani. Hilo ndilo linaloua saini. Mwanga ukishakula wino haurudi, na hakuna dawa.
Kwa hali yako nasema akriliki yenye kinga ya miale ya jua, fremu ya boksi yenye kina, ukuta wa ndani usiotazama dirisha.

Bi_Shangani
Mimi sikubali akriliki. Akriliki inakwaruzika hata kwa kanga, na inavuta vumbi kwa umeme wake, ukipangusa leo kesho limerudi. Mtu akiipulizia dawa ya vioo yenye amonia inaanza kupata ufifi na vijinyufa. Kioo kinapanguswa kwa kitambaa chenye maji na kinabaki kile kile miaka thelathini. Huku Unguja nyumba zote za zamani zina picha nyuma ya kioo.

Fundi_Ngamiani
Dada, picha ya karatasi si jezi. Na pima uzito. Fremu ya jezi ni kama sentimita 90 kwa 70. Kioo cha milimita 3 kwa ukubwa huo kinakaribia kilo 4.7, akriliki ya unene huo ni kilo 2.2 hivi. Ongeza mbao na ubao wa nyuma. Kwenye ukuta wa tofali za saruji uliopigwa plasta ya mchanga mwingi, msumari mmoja hauwezi. Kioo kikianguka, kipande kinakata jezi.
Kioo cha kawaida kinapitisha sehemu kubwa ya miale inayochuja rangi. Aliye nyuma ya kioo cha dirisha haungui haraka, lakini pazia lake linapauka. Ndivyo itakavyokuwa saini.
Kupangusa akriliki: kitambaa laini, maji yenye tone la sabuni, basi.

Bi_Shangani
Basi atumie kioo chenye kinga ya miale. Kipo.

Fundi_Ngamiani
Kipo, ila kwa laki na ishirini hakitoshi kwa ukubwa huo pamoja na fremu. Hapo bajeti ndiyo inayoamua, siyo mimi wala wewe.

Jaramogi_Kona
Wadau wa Dar, poleni kwa kuingilia kutoka Kisumu. Huku watu walibeba jezi nyingi walipokuja kwenu Julai 2017, Gor Mahia na Everton, ile siku Rooney alifunga kutoka mbali na Tuyisenge akasawazisha kabla Dowell hajamaliza 2-1. Waliosainiwa kwa maka peni nyeusi kwenye jezi ya kijani wako na shida: wino unageuka zambarau, halafu kahawia, halafu unapotea. Maka nyingi za kawaida zina wino wa kuyeyuka, si wa chembe za rangi. Kwa hivyo kabla ya fremu, piga picha. Weka jezi juu ya meza karibu na dirisha lenye kivuli, zima flashi, simama wima juu yake, weka rula kando ya saini ili ukubwa ujulikane. Ikishapauka, picha ndiyo itabaki ushahidi.

Kibao_Nyamagana
Kuna njia rahisi ya kuzuia wino usihame: sprei ya nywele. Puliza mara moja, acha ikauke.

Fundi_Ngamiani
Mzee wangu, shikamoo, lakini hapana! Sprei ya nywele ina spiriti. Spiriti inayeyusha wino wa bik na wa maka. Utaona saini inaota ndevu mbele ya macho yako. Hivyo hivyo marashi na ile jeli ya kusafisha mikono.
Na kabla mtu hajasema pasi: pasi inakaza rangi za kalamu za kitambaa tu, zile zilizotengenezwa kwa ajili hiyo, na unapiga kwa nyuma. Bik haikazwi na moto. Poliesta ikipata pasi kali inang'aa doa la kudumu.

Kibao_Nyamagana
Marahaba. Nimeelewa hilo la spiriti.

Zulia_Jekundu
Naomba nieleze jezi moja iliyoletwa kwetu kurekebishwa, mleta uzi ajue inavyoharibika hatua kwa hatua. Fundi aliyeitengeneza simtaji.
Ilikuwa nyekundu, imesainiwa na kikosi kizima, saini zaidi ya kumi na tano. Makosa yalikuwa manne. La kwanza, jezi ilibandikwa kwa gundi ya viatu kwenye hadibodi tupu. Gundi ile ilipenya kitambaa na kutoka mbele kama mabaka ya mafuta, na hadibodi yenyewe ikatoa rangi ya kahawia kwenye mishono. La pili, kioo kililazwa juu ya kitambaa bila nafasi. Usiku kioo kinapoa kabla ya kitambaa, unyevu unaganda upande wa ndani, na pale kinapogusa ndipo maji yanapokaa. La tatu, ilitundikwa kwenye ukuta wa bafu, upande wa pili kuna bomba. La nne, nyuma ilizibwa kwa selotepu pande zote, hewa haipiti.
Masika moja ilitosha. Ukungu ulianza mabegani, madoa madogo ya kijivu kama pilipili manga, ukashuka kifuani. Namba ya mgongo, ile ya plastiki ya kubandika kwa moto, ililainika ikajibandika ubaoni. Tulipofungua, saini tatu zilitoka na kioo. Wino ulikuwa umehamia upande wa ndani wa kioo, unasomeka kinyume. Ukungu tuliuondoa ukiwa mkavu, kwa brashi laini, tukiwa nje na barakoa. Madoa hayakutoka, kwa sababu ukungu unakula na kutia rangi. Kufua kusingewezekana, maji na sabuni yangemaliza saini zilizobaki.
Mwenye jezi alipewa jezi iliyosimama vizuri, lakini wale wachezaji watatu hawamo tena.

Mvuko_Magogoni
Hii imenishtua kweli. Sasa fundi wangu nimwambie nini hasa?

Zulia_Jekundu
Mwambie hivi, na usimame hapo akifanya:
1. Akate kadi isiyo na asidi kwa umbo la kiwiliwili, ndogo kwa sentimita 1 kila upande, aiingize ndani ya jezi. Juu yake safu nyembamba ya pamba ya poliesta ili kifua kisibonyee.
2. Ubao wa nyuma uvishwe kitambaa cha pamba kilichofuliwa mara mbili bila kisoftisha. Kati ya ubao na kitambaa aweke karatasi ya alumini, ile ya jikoni, mvuke wa MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) usifike kwenye jezi.
3. Jezi ishonwe kwa uzi, kwenye mishono tu: mabega, kwapa, pindo la chini. Mishono mirefu, isiyovutwa. Hakuna gundi wala stepla, wala vile vipini vya plastiki vya kufungia lebo za bei, vinaacha matundu.
4. Kati ya jezi na akriliki pawe na sentimita 2 au 3.
5. Nyuma, pembe za chini, abandike vipande viwili vya mpira vya sentimita 1, fremu isilale ukutani.

Bi_Shangani
Na silika jeli ndani.

Zulia_Jekundu
Silika jeli kwenye fremu isiyozibwa kabisa inajaa unyevu haraka, halafu haifanyi kitu, na fremu imeshafungwa. Huwezi kuifikia kuikausha. Kwenye boksi sawa, unaitoa na kuikausha. Kwenye fremu bora hewa ipite nyuma. Ukungu unapenda unyevu ukipita asilimia 65 hadi 70, na pwani unapita hapo mara nyingi. Kipimo kidogo cha unyevu kitakusaidia kuchagua ukuta kabla hujatoboa.

Jaramogi_Kona
Kama ni hivyo, boksi si bora? Gizani hakuna jua.

Fundi_Ngamiani
Kwa saini ya bik, boksi ndilo salama kuliko yote, nakubali. Ila lazima jezi ilazwe, isikunjwe mara nne. Saini ilazwe wazi, karatasi nyeupe isiyo na asidi juu yake. Kama ina namba za plastiki, weka karatasi ya kuokea keki katikati, zisigandane. Usitumie nailoni laini ya PVC, inatoa mafuta na kubandika. Naftalini usiweke, inaharibu baadhi ya plastiki na harufu haitoki. Fungua kila baada ya miezi mitatu, angalia mende na ukungu.

Kibao_Nyamagana
Jezi ya boksini haimwambii mtoto chochote. Mtoto ataijuaje Lagos? Thuweni alifunga magoli yote ya Tanzania kule, nani atamweleza?

Pwani_Mchangani
Si yote, mzee. La kwanza, tulipofungwa 3-1 na Nigeria, lilikuwa la Juma Mkambi. Thuweni alifunga na Misri, tukafungwa 2-1, kisha na Ivory Coast, sare ya 1-1.

Kibao_Nyamagana
Kweli, Mkambi, yule aliyeitwa Jenerali. Asante kwa kunirekebisha, hilo si la kukosea.

Pwani_Mchangani
Ndiyo maana nasema nyuma ya fremu ibandikwe bahasha: nani alisaini, tarehe, mahali, kalamu gani. Iandikwe kwa penseli kwenye karatasi nzuri, penseli haipauki wala haivuji. Saini bila maelezo baada ya miaka ishirini ni mkwaruzo tu.

Mvuko_Magogoni
Na tiketi ya Brazil? Nilikuwa napeleka ikapigwe laminesheni kesho.

Zulia_Jekundu
Usipeleke! Igeuze kwanza, ikwaruze kwa ukucha kwenye kona ya nyuma na ya mbele. Kama panaacha mstari wa kijivu, hiyo ni karatasi ya joto, kama risiti. Mashine ya laminesheni itaifanya nyeusi nzima kwa sekunde chache. Na kama ni karatasi ya kawaida, laminesheni haitoki tena. Weka kwenye mfuko safi wa plastiki ya poliesta, ulio wazi upande mmoja, pigisha kopi kwenye karatasi nyeupe, halisi iwe gizani na kopi iwe kwenye fremu.

Jaramogi_Kona
Ile mechi ilikuwa lini kweli? 2010?

Pwani_Mchangani
7 Juni 2010, siku chache kabla ya Kombe la Dunia kule Afrika Kusini. 5-1. Robinho mawili, Ramires mawili, Kaká moja. Letu la Jabir Aziz.

Bi_Shangani
Nikirudi kwenye kalamu, kwa wanaokutana na wachezaji uwanja wa ndege au hotelini: bebeni maka ya wino wa chembe za rangi kwa jezi nyeupe, na ya rangi ya fedha kwa jezi nyeusi au bluu. Ya fedha itikiswe kwanza na ibonyezwe kwenye karatasi mpaka wino ushuke, ndipo umpe mchezaji. Ndani ya jezi uwe na kadibodi ngumu, uvute kitambaa kisikunjamane. Asaini pasipo mshono. Baada ya hapo dakika kumi usikunje.

Fundi_Ngamiani
Hapo tumekubaliana, dada.

Mvuko_Magogoni
Jumamosi nimeahirisha kwanza. Nakagua ukuta wa korido, hauna dirisha. Bado sijaamua fremu au boksi.

Kibao_Nyamagana
Fremu. Korido ni sawa, kila mtu anapita.

Fundi_Ngamiani
Korido yenye taa ya LED, izimwe usiku.

Jaramogi_Kona
Wakuu, na kaseti za matangazo ya redio za miaka ya themanini? Ziko mbili, zina vumbi jeupe kwenye utepe.

Zulia_Jekundu
Usizicheze. Vumbi jeupe kwenye utepe mara nyingi ni ukungu, ukiweka kwenye redio utauhamishia kichwa na kaseti ya pili nayo itaambukizwa. Zitenge kwenye mfuko wa karatasi, zisimame wima, mbali na spika. Fungua uzi mpya, weka picha ya skrubu: kama ziko tano kaseti inafunguka, kama imegundishwa kazi ni nyingine.